Mwenda wa Bayeke, mtu wa vidole viwili

Wasomaji wetu wa kambi na wa mashimo, leo hatuandiki juu ya bei ya dhahabu wala ya koltani. Tunaandika juu ya mtu aliyekufa zamani, ambaye wazee wa Katanga wanamjua kama jina la baba yao, na ambaye watoto wetu hawamjui hata kidogo. Sisi wenyewe tulikutana naye tena mahali ambapo hatukumtazamia: ndani ya chumba cha video, hapa Sange.

Mwenye kupita njia ya kutoka Uvira kwenda Bukavu anapajua hapa petu. Soko liko kandokando ya barabara, malori yanapita karibu sana na meza za bamama, na joto la uwanda wa Ruzizi halina huruma. Chumba chenyewe ni kidogo: benchi za mbao, pazia jeusi mlangoni, televisheni moja, na mashini ya umeme inayounguruma nyuma ya nyumba. Watu wa Sange hawaingii mahali pa namna ile bila kukumbuka. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka hapa barabarani, likashika moto, na watu zaidi ya 230 wakafa. Wengi kati yao walikuwa ndani ya vyumba vya video wakiangalia mpira wa Kombe la Dunia. Kuna wazazi ambao mpaka leo hawakubali mtoto wao aingie mle giza likishaanza. Tunaliandika kwa heshima, kisha tunaendelea.

Jioni ile tulikuja kuangalia mpira, lakini sahani ya hewani ilikataa kushika. Mwenye chumba, kwa kuogopa kurudisha feza za watu, akachomeka flash yake na kuweka filamu ya kwanza aliyoipata. Haikuwa ya mapigano. Ilikuwa mtu mzima mmoja, amekaa, ameshika gitare. Hakuna jukwaa, hakuna taa za rangi, hakuna wanawake wa kucheza, hakuna watu elfu wakipiga kelele. Mtu na gitare yake tu, na kamera iko karibu kama sisi tulivyo karibu na jirani yetu wa benchi. Vijana waliotoka kuchimba kule Misisi wakaanza kudai feza yao. Halafu gitare ikaanza, na polepole kelele ikapungua.

Mmoja akasema kuna mtu mwingine amefichwa nyuma, anapiga gitare ya pili. Mwingine akasema hapana, ni ujanja wa mashini. Wakabishana mpaka wakataka kuweka dau. Tena mtu akauliza mzee yule ni wa inchi gani. Wakajibu Kenya, wengine Zambia, mmoja akasema ni Mmarekani mweusi. Lakini mzee alikuwa akiimba Kiswahili, na si Kiswahili cha Mombasa: ni kile ambacho mtu wa Likasi na mtu wa Sange wanaweza kuzungumza sokoni bila kuulizana mara mbili. Tuliona aibu kidogo, si kwa ajili yao, ila kwa ajili yetu sisi tunaoandika katika gazeti na hatujawaambia kitu. Basi tuwaeleze.

Yule ni Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, ku Katanga. Mwenye kujua historia ya shaba anajua Bunkeya. Njo mji mkubwa wa mfalme Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi, katika inchi ambayo leo ni Tanzania, katika karne ya 19, akafuata biashara ya shaba na pembe, akabaki, akatawala. Watu wake ni Bayeke. Walijua kufua shaba na kuivuta iwe waya nyembamba ya kutengeneza bangili, na kabla yao wenyeji wa inchi ile walikuwa wameyeyusha shaba karne nyingi na kuimwaga katika umbo la msalaba, ikawa feza ya kununulia vitu. Msiri aliuawa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891, wazungu wa msafara wa Stairs walipokuja kuchukua inchi kwa jina la mfalme Léopold. Tunalikumbusha hili kwa sababu mingi wanafikiri shaba ya Katanga iligunduliwa na kampuni. Hapana. Kampuni ilikuta moto wa kuyeyushia umekwisha kuwaka zamani.

Jina la Jean Bosco linatoka kanisani: ni jina la mtakatifu wa Italia aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, na Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, wakafungua shule na karakana. Jina la Mwenda ni la nyumbani, tena ni jina kubwa, kwa maana wafalme wa Bayeke wenyewe wanaitwa Mwenda. Basi mtoto huyu alibeba majina mawili, la misioni na la Bunkeya, na mtaona mbele kwamba siku moja aliacha moja.

Alikulia ujana wake Jadotville, ambayo tangu 1966 inaitwa Likasi. Wazee wenu waliofanya kazi kule wanaweza kuwasimulia vizuri kuliko sisi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na ilipohitaji watu wa kazi ilituma kuwatafuta mbali: Kasai, Lomami, Maniema, Rhodesia, mpaka Ruanda-Urundi. Mtu alifika hajui lugha ya mwenzake wa kitanda cha pili. Kiswahili kikawaunganisha. Mji wenyewe ulikuwa wa sirena na posho: sirena inalia unaamka, sirena inalia unaingia, siku ya posho mama anapanga mstari. Karibu na pale ni Shinkolobwe, ambapo kulitoka uraniumu ya bomu la Hiroshima. Mwezi wa 12 mwaka 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakiomba mshahara wa kutosha, na kule Elisabethville askari waliwapiga risasi. Mwenda alikuwa kijana wa miaka kumi na moja.

Mtu atauliza kama alishuka shimoni. Hapana, hakuwa mchimbaji. Alijua kusoma na kuandika, akawa karani katika utawala wa mji wa Jadotville. Mwingine atasema, sasa kwa nini karani anaandikwa katika ukurasa wa wachimbaji? Tunamjibu: kwa sababu waliomsikiliza walikuwa nyinyi. Gitare katika Katanga ya wakati ule haikuwa ya jukwaa. Ilikuwa ya jioni, nje ya nyumba, mtu ametoka kazini, amenawa, kuna kinywaji kidogo, jirani anagonga chupa kwa kisu au kijiko ili kushika mwendo. Njia ya reli kutoka kusini ilileta magitare na sahani za fono kama ilivyoleta mashini. Vijana wa kambi walisikiliza, wakatafuta wenyewe mahali pa kuweka vidole. Hakuna mwalimu aliyekuja kuwafundisha. Kila mmoja alikuwa na namna yake, na namna ya Mwenda ilikuwa ngumu kuliko zote.

Mwaka 1952 akafika Jadotville Mwingereza mmoja mwenye kuishi Afrika ya Kusini, jina lake Hugh Tracey. Mtu huyu alikuwa na kazi ya ajabu: alizunguka inchi nyingi na mashini za kunasa sauti, akikusanya muziki wa watu kabla haujapotea. Alinasa ngoma za vijiji, malimba, nyimbo za kazi. Kwa kawaida gitare za mjini hazikuwa jambo la kuwavutia sana wazungu wa namna ile, waliotaka vitu vya kijijini tu. Lakini alipomsikia karani huyu wa miaka 22, alinasa. Kati ya nyimbo zile kulikuwa Masanga na Bombalaka. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikatoa sahani kwa alama ya Gallotone, zile sahani nzito za kuzunguka mara 78 kwa dakika, zenye kuvunjika ukiziangusha.

Sasa fikiri wewe mwenyewe. Kijana hajatoka katika mji wake, na sauti yake inapakiwa katika treni kama vile shaba inavyopakiwa. Inakwenda Rhodesia, Nyasaland, Tanganyika, Kenya, Uganda. Katika kila mji wa kazi, mtu mwenye fono anaizungusha mpaka sindano inachoka, na vijana wanakaa karibu na kujaribu. Wakajaribu, wakashindwa, wakajaribu tena. Na ubishi ule ule tulioukuta hapa Sange, kuna gitare moja au kuna mbili, ulizaliwa siku zile, kwa sababu sahani haikuonyeshi mkono.

Tueleze ule mkono. Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na kidole cha shahada. Gumba linashuka juu ya nyuzi nene, linashika mwendo wa chini, halipumziki. Kidole cha shahada kinapanda juu ya nyuzi nyembamba, kinaimba wimbo wenyewe. Jambo la ajabu ni kwamba vidole hivi havitembei pamoja. Kimoja kinahesabu kwa mbili, kingine kama kinahesabu kwa tatu, tena vinakutana mahali ambapo hukutazamia, vinaachana, vinakutana. Sikio linasikia watu wawili wanaozungumza, mmoja mzee mwenye utulivu na mwingine kijana mwenye haraka. Mama wawili wanaotwanga mawe katika kinu kimoja pale Kamituga wanajua tunachosema: mchi mmoja unapanda mwingine unashuka, na mkono ukikosea hesabu, kuna mtu anaumia. Mwenda alifanya kazi ya wale wawili kwa mkono mmoja. Na juu ya hayo aliimba, na sauti nayo inakwenda njia yake ya tatu.

Wataalamu waliisumbukia. David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu cha London, aliandika mapigo ya gitare yake nota kwa nota, na kuyatoa katika jarida la muziki wa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karani wa Jadotville amekuwa somo la chuo kikuu London, na yeye asubuhi anakwenda biro kufungua daftari.

Hapa tunasimama kidogo, kwa maana njo jambo linalotuuma katika maisha haya. Mwenda Jean Bosco alikuwa na jina katika nusu ya Afrika, lakini maisha yake yote alifanya kazi nyingine. Alikuwa karani wa mji Likasi, akafanya kazi ya banki Lubumbashi, akafanya kazi Gécamines, akasimamia hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Hatusemi kazi hizo ni aibu. Mtu wa kutunza jamaa anajua thamani ya mshahara unaofika kila mwisho wa mwezi. Lakini nyinyi mnaochimba mnajua vizuri namna kitu kinavyotoka hapa bila kusafishwa, kinapita mipaka mitatu, na bei yake inazaliwa mbali na mtu aliyekitoa. Gitare ya Katanga nayo ilitembea njia hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda. Kule alipata kipindi chake redioni, na watu wakaanza kumjua si kwa sahani tu, ila kwa sauti inayoingia nyumbani kwao kwa saa iliyopangwa. Binamu yake Edouard Masengo naye alifika Nairobi, yeye aliyetoka katika kundi la JECOKE la Elisabethville, mtu wa kuchekesha na kuimba pamoja. Kati yao wawili waliacha alama kubwa. Vijana wa Kenya waliokuwa wakitafuta namna ya kupiga walipata sasa mtu wa kumwangalia, na gitare ya Kenya ya miaka ile, ile kavu ya vidole bila umeme, ilibeba harufu ya Katanga. Hivyo yule kijana wa chumba cha video aliyesema mzee ni Mkenya hakukosa sana. Alisikia mtoto, akafikiri ni baba.

Huku nyumbani mambo yalikuwa ya moto. Uhuru mwezi wa 6 mwaka 1960, na siku kumi na moja nyuma yake Katanga ikajitenga, mpaka mwezi wa kwanza 1963. Makambi yaligawanyika kwa kabila, watu waliokaa nyumba jirani miaka ishirini wakaanza kuogopana. Mwenda alipita katika miaka ile kama watu wengine wa Katanga walivyopita, na alirudi kukaa Lubumbashi, ambako aliishi sehemu kubwa ya maisha yake.

Mwaka 1969 akaitwa Marekani, katika tamasha la Newport, mji wa pwani katika jimbo la Rhode Island. Ilikuwa mwezi wa saba, mwezi ule ule ambao Wamarekani walitembea juu ya mwezi wa mbinguni. Newport ilikuwa mahali pakubwa kwa wapenzi wa gitare: watu wa blues wa Mississippi walipita pale, na Bob Dylan alipigia pale gitare ya umeme mwaka 1965 watu wakakasirika. Sasa mtu wa Bunkeya amekaa mbele yao na gitare kavu. Wapigaji wa kule, ambao wenyewe walijua kugawanya gumba na kidole, walielewa mara moja kwamba huyu si mgeni wa kuonewa huruma.

Kisha likaja jambo la majina. Mwaka 1971 Katanga ikaitwa Shaba, inchi ikaitwa Zaïre, na mwaka 1972 Mobutu akaamuru majina ya kizungu yaondolewe. Mingi walijitafutia jina kwa haraka, wengine wakapewa jina ambalo hata bibi yao hakulijua. Mwenda hakutafuta mbali. Akawa Mwenda wa Bayeke, na jina hilo likabaki juu ya kazi zake za mwisho. Lakini sahani za zamani zinaendelea kusema Jean Bosco, Bosco Mwenda, Mwenda Jean Bosco, na mtu anayetafuta leo anaweza kufikiri ni watu watatu. Ni mtu mmoja.

Miaka ya 1970 haikuwa rafiki wa gitare kavu. Kinshasa ilikuwa imeshika inchi yote: Franco na OK Jazz, Tabu Ley, gitare nne za umeme, tarumbeta, ngoma za miguu, sauti inayojaa baa nzima. Nani tena atanyamaza kusikiliza gumba la mtu mmoja? Mwenda naye aliendesha orkestra ya kuchezesha watu, kwa maana mtu anakula kwa mahali alipo. Lakini ile ya zamani hakuisahau, na wale waliomtafuta walimtafuta kwa ajili yake.

Mwaka 1979 alifika Lubumbashi mpiga gitare mmoja wa Uingereza, John Low. Alikuwa amesikia zile sahani, akajaribu, akashindwa, akafunga safari kuja kuwaona wenyewe walio hai. Tukumbuke ni mwaka mmoja tu nyuma ya vita vya Kolwezi, na mgeni kutembea ku Shaba halikuwa jambo jepesi. Alimkuta Mwenda, akakaa naye kama mwanafunzi, akawaona pia Masengo na Losta Abelo, na baadaye akaandika kitabu juu ya safari ile kilichotolewa Vienna mwaka 1982. Tunafurahi kwamba alikuja. Na hapo hapo tunaona uchungu: mwanafunzi ametoka Ulaya kwa ndege na kwa treni, na vijana wa commune jirani walikuwa wakipita mbele ya mlango.

Mwaka 1982 Mwenda akaenda Ulaya. Njo safari ile iliyotupatia filamu. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria aliyezunguka Afrika tangu kijana, alikuwa na mazoea ya kupiga filamu wanamuziki akiwa karibu kabisa, si kwa ajili ya uso, ila kwa ajili ya mikono. Alijua kwamba sikio linadanganyika. Akiwa na filamu, anaweza kuisimamisha picha kwa picha na kuona kidole kipi kimeanza. Ile ya Mwenda aliipiga hivyo: mahali padogo, bila fujo, mtu ametulia. Miaka kumi na tatu baadaye, mwaka 1995, ilitolewa Marekani katika video moja pamoja na wapiga gitare wengine wa Afrika ambao Kubik aliwapiga filamu kati ya 1966 na 1993. Namna video ile ilivyotoka huko ikafika katika flash ya mwenye chumba wa Sange, hata yeye hawezi kueleza. Alinunua flash Uvira ikiwa imejaa tayari.

Tumekwisha kuona filamu za tamasha kubwa, na nyinyi mmeona: kamera inaruka, moshi, taa, mara uso, mara mguu, mara watu wanaolia. Mwisho wake unajua mtu alikuwa maarufu, lakini hujui alifanya nini. Ile ndogo ni kinyume. Haina kitu cha kukushangaza isipokuwa kazi yenyewe. Unaona ukucha. Unaona kwamba mkono wa kushoto unatembea kidogo sana, kama mtu anayeokoa nguvu kwa sababu siku ni ndefu. Unaona kwamba mzee haangalii vidole vyake.

Mwaka 1988 alisafiri Afrika ya Kusini, na kule Cape Town alinaswa tena, nyimbo za ujana wake na nyingine, safari hii kwa mashini nzuri. CD ilitoka Marekani mwaka 1994 kwa jina lake la Mwenda wa Bayeke. Yeye hakuiona. Mwezi wa 9 mwaka 1990 alikufa kwa ajali ya gari kule Zambia, akiwa na miaka 60 hivi.

Wasomaji wa Kolwezi hawahitaji kukumbushwa mwezi ule ni upi. Mwezi wa 9 mwaka 1990 njo mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilianza kuanguka na haikusimama. Mishahara ikachelewa, kisha ikapotea, posho ikaisha, shule za kampuni zikafunga dirisha kwa mbao. Watu walikuwa na vifo vyao vya kulia. Mpiga gitare wa zamani aliyekufa njiani upande wa Zambia hakupata nafasi kubwa katika huzuni ya mwaka ule. Hatumlaumu mtu. Lakini hivyo njo alivyopotea midomoni: si kwa kuwa watu walimchukia, ila kwa kuwa wenye kumjua walikuwa wametawanyika kutafuta chakula, wengine mpaka huku kwetu Kivu, ku mashimo.

Turudi katika chumba. Tulipowaambia vijana wa Misisi kwamba yule ni mtu wa Katanga, aliyeimbia watu wa kambi, mmoja alikataa kabisa. Alisema mtu wa namna ile, kama angekuwa wetu, tungemfundisha shuleni. Hatukupata jibu. Kuna shule mingi katika njia hii yetu, na katika zile tunazozijua watoto wanajifunza majina ya wanamuziki wa Ufaransa wa miaka mia mbili iliyopita. Si vibaya. Lakini Masanga haimo.

Juu ya gitare ya pili, ubishi uliisha bila maneno. Mwenye chumba alirudisha filamu nyuma mpaka pale kamera inapokaribia mkono, akasimamisha, akaachia, akasimamisha. Gumba. Shahada. Gumba. Aliyeweka dau alitoa franga zake mfukoni, akanung'unika, akalipa.

Mbele kabisa, chini ya televisheni, alikuwa amekaa mtoto wa miaka kumi na mbili hivi, ambaye tunamwona sokoni na gitare aliyoitengeneza kwa kopo la mafuta na waya za breki za baiskeli. Hakusema kitu jioni nzima. Tulimwona ameweka mkono wa kulia juu ya paja lake, gumba linashuka, kidole kinapanda, anakosea, anaanza tena. Aliomba irudishwe mara moja zaidi. Mwenye chumba alikuwa anainama kubonyeza pale mashini ilipokohoa nje, ikakohoa mara ya pili, ikazima. Giza. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao, na mtoto akauliza nusu litre ya esanzi ni franga ngapi.